Ulinzi wa Mizinga Porini: Wizi na Uharibifu, na Namna ya Kuuzuia

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye mizinga ya nyuki porini, hasa katika nchi za miombo za Tanzania kama Tabora, Katavi, Kigoma na Manyoni. Humo mtu hulima mahindi, mihogo au tumbaku karibu na nyumba yake, na mizinga yake huitundika mitini mbali na kijiji, pengine mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mali hiyo haina ukuta wala kufuli. Mwenyewe huiacha kwa majuma mengi, akiwategemea nyuki wajilinde kwa miiba yao.

Wahenga walisema, “Fuata nyuki ule asali.” Hawakusema umfuate mwenye nyuki. Lakini wako watu ambao hawatundiki mizinga wala hawatafuti nyuki, bali huangalia jirani anakopita, wakaenda nyuma yake. Wizi huu waweza kuzuiwa, ila hauzuiwi kwa hasira, wala kwa vitisho. Huzuiwa kwa utaratibu: alama, daftari, ukaguzi, na soko lenye kuuliza. Haya ndiyo tutakayoyaeleza.

HASARA YA WIZI

Mtu akiibiwa mtama ghalani, amepoteza mtama. Akiibiwa asali, amepoteza zaidi ya asali. Mwizi hana nafasi ya kufanya kazi kwa upole. Huwasha mwenge wa nyasi, huusukuma mzingani, kisha hukata yote anayoyafikia: masega ya asali iliyofunikwa kwa nta, masega ya asali isiyoiva, na masega yenye majana. Nyuki wengi huungua. Malkia naye akiungua au akipondwa, kundi zima limo hatarini, maana malkia ni mmoja tu katika kila mzinga. Hata kama amepona, nyuki wa Afrika ni wepesi wa kuhama wakisumbuliwa sana. Kundi lililotendwa hivyo huondoka, na mzinga waweza kukaa mtupu muda mrefu.

Tena, mwenge ukianguka penye nyasi kavu huleta moto. Moto huo huunguza mizinga ya watu wengine, na maua ya msimu ujao pia. Na mzinga wa gome ukivunjwa, hauna budi kutengenezwa mwingine, na mti uliomenywa gome pande zote hufa. Basi mzinga mmoja uliovunjwa huleta hasara ya asali, ya kundi, na ya mti.

Liko na jambo la nne ambalo wengi hawalifikiri. Asali ya wizi ni asali mbaya. Hunuka moshi, ina vipande vya majana, na nyingi yake haijaiva. Asali ambayo nyuki hawajaifunika bado ina maji mengi, na maji yakipita asilimia 20 hivi, asali huchacha chomboni. Mnunuzi akiuziwa debe moja la namna hii, hakitofautishi tena kijiji chako na mwizi wako. Hushusha bei ya wote, au haji tena.

KWANZA, JUA NI NANI ALIYEFANYA

Ukikuta mzinga umeharibika, usimtaje mtu kwanza. Porini wako waharibifu wengi, na kila mmoja huacha alama zake. Soma alama hizo kabla hujasema neno.

Nyegere. Huyu hupanda mti, huangusha mzinga, hung’oa mfuniko kwa nguvu, akala asali na majana pamoja. Utaona mikwaruzo ya kucha ndefu katika gome la mti na katika mzinga, na chini nyayo zenye vidole vitano. Masega yamechanwa ovyo, hayakukatwa.

Siafu. Hawa huingia kwa wingi na kuua nyuki. Utakuta vipande vya nyuki waliokufa, na masega yamesimama mahali pake.

Nondo wa nta. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na masega yaliyotobolewa na kuwa kama vumbi, ni kazi ya mabuu ya nondo. Kwa kawaida kundi lilikwisha kudhoofika au kuhama kabla yao.

Njaa au ukame. Masega matupu, makavu, mazima, hayana asali wala majana, na hakuna kilichovunjwa. Nyuki wamehama wenyewe kwa kukosa maua au maji.

Mtu. Utaona masega yaliyokatwa sawasawa kwa kisu, majivu na nyasi zilizoungua chini ya mti, mlango wa nyuki ulioingia masizi, mfuniko uliofunguliwa kwa kufuata vishikizo vyake, na waya au kamba iliyokatwa. Mara nyingi masega ya majana hutupwa chini, kwa kuwa mwizi hakuyataka.

Tena uko uharibifu wa mtu usio wa wizi wa asali. Wako wanaoziba mlango wa nyuki, wanaokwangua alama ya mwenyewe na kuhamisha mzinga kwenda katika miti yao, na wanaokata mti wenye mzinga kwa ajili ya mkaa au kuni za kukaushia tumbaku. Na dawa ya kuua wadudu, ikipuliziwa mashambani wakati maua yamechanua, huua nyuki ingawa mpuliziaji hakukusudia. Kila moja ya hayo lina dawa yake, na mtu asiyeyatofautisha huyatendea yote kama wizi.

Tuseme mtu ana mizinga 40, akakuta 3 imeanguka chini. Akarudi kijijini akamtaja kijana wa jirani ambaye aliwahi kumwona akipita njia ile. Baada ya siku mbili, mtu mwingine akaona kucha za nyegere katika miti ile ile. Mizinga 3 yatengenezeka kwa kazi ya siku chache. Jina la kijana halitengenezeki upesi, na ujirani ulioharibika ni mlinzi aliyepotea, kwa maana jirani huyo ndiye ambaye angeona mwizi wa kweli akipita.

ULINZI KABLA YA WIZI

1. Alama. Mzinga usio na alama hauna shahidi. Chagua alama yako moja, uichome kwa chuma cha moto katika mzinga wa gogo, mahali pawili: nje, panapoonekana, na ndani, pasipoonekana mpaka mzinga ufunguliwe. Mwizi akikwangua ile ya nje, ya ndani hubaki. Katika mzinga wa gome, weka alama katika vifuniko vyote viwili kwa upande wa ndani. Usichague alama inayobadilika kwa mkato mmoja, maana mstari mmoja uliosimama huwa msalaba mara moja, kama wenye ng’ombe wajuavyo katika chapa zao. Kisha kila mzinga upe namba yake.

Alama yako haina nguvu kama waijua wewe peke yako. Iandikishe katika kitabu cha chama chenu cha wafuga nyuki, au kwa ofisa mtendaji wa kijiji, ili watu wawili wasitumie alama moja.

2. Daftari. Nunua daftari dogo la shule. Kwa kila mzinga andika: namba, aina ya mti na mahali ulipo, siku ulipotundikwa, siku nyuki walipoingia, siku uliporinwa, na uzito wa asali na nta. Mathalani: “Na. 14, mtundu karibu na mbuga, umetundikwa Agosti 10, nyuki wameingia Oktoba 2.” Kazi hii huchukua dakika chache tu. Lakini siku utakaposimama mbele ya baraza kusema umeibiwa, daftari litaonyesha mzinga ulikuwa wapi, lini ulikuwa mzima, na kwa kawaida hutoa asali kiasi gani. Mtu asiye na daftari husema “nimeibiwa sana,” na baraza halijui “sana” ni ngapi.

3. Mahali. Usitundike mizinga kando ya njia kuu, wala karibu na tanuri za mkaa, wala pale wachungaji wanyweshapo ng’ombe. Hii ni kwa usalama wa watu pia, maana nyuki huuma wapitao. Usiache njia moja nyeupe iliyokanyagwa kutoka barabarani mpaka mtini, kwani njia hiyo humwongoza kila mtu. Ikiwezekana, kusanyeni mizinga pamoja katika manzuki ambayo wenye mizinga wataweza kuyaangalia kwa zamu, kuliko kutawanya mzinga mmoja hapa na mwingine mbali. Fyekeni nyasi kuzunguka manzuki, ili moto usifike.

Dhidi ya nyegere, ning’iniza mzinga kwa waya imara mbali na shina, au zungushia shina kipande cha bati laini ambacho kucha hazikishiki. Penye wizi mwingi wa watu, wenye uwezo hujenga nyumba ya nyuki: kibanda cha ukuta chenye mlango wa kufuli, na mizinga hupangwa ndani, nyuki wakipita katika matundu yaliyotobolewa ukutani. Gharama yake ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini kikundi chaweza kujenga kwa kusaidiana.

4. Ukaguzi. Katika miombo ya magharibi mavuno makubwa huwa karibu na Mei hata Julai, baada ya mvua kwisha, na mavuno madogo huwa karibu na Novemba na Desemba. Mwizi anaijua kalenda hiyo kama wewe, naye hutangulia kidogo. Kwa hiyo miezi miwili kabla ya kurina, pita kila baada ya majuma mawili, wala usipite siku ile ile kila mara. Usifungue mizinga kila upitapo, maana kufungua mno nako huwafukuza nyuki. Simama mbali kidogo, tazama kama nyuki wanaingia na kutoka kwa wingi, tazama waya, mfuniko, na ardhi chini ya mti. Andika katika daftari.

Kama huwezi kwenda, patana na jirani mwenye mizinga upande ule: yeye apitie yako na wewe upitie yake.

5. Soko. Hapa ndipo wizi unapokatwa mzizi, na hapa ndipo tunapolegea. Mwizi wa asali haibi ili ale. Huiba ili auze. Lazima auze upesi, na mara nyingi asali yake huishia katika chungu cha wanzuki, kwa kuwa mpika pombe haulizi habari za moshi wala za majana. Basi chama na kiamue kununua kwa watu wenye alama zilizoandikishwa tu, kila ndoo iandikwe jina la mwenyewe na siku ya kurina, na asali yenye majana, moshi au isiyoiva ikataliwe mbele ya watu. Wapika wanzuki nao na waitwe katika mkutano wa kijiji, waelezwe kwamba anunuaye kitu akijua kimeibwa ana hatia pia. Mnunuzi mwaminifu hupata faida katika utaratibu huu, maana hupata asali safi.

6. Vijana na wapitao. Mara nyingi mwizi si mgeni. Ni mtu aliyewahi kufuatana nawe porini, akajua miti yako. Kijana aliyebeba ndoo zako misimu mitatu bila kupewa hata mzinga mmoja huona asali kuwa ni mali ya watu wengine daima. Mpe mizinga miwili mitatu ya kuanzia, mfundishe kuitunza, na umwandikishie alama yake. Mwenye mizinga katika mstari wenu ataulinda mstari wote kwa sababu na vyake vimo humo. Vivyo hivyo mchungaji apitaye na ng’ombe: ukimpa sega moja wakati wa mavuno, umepata macho mawili zaidi porini.

UKIKUTA MZINGA UMEIBIWA

Kwanza, simama. Usiguse kitu mpaka umetazama pande zote: nyayo, majivu, kisu kilichosahauliwa, ndoo, alama za matairi ya baiskeli au pikipiki. Mwenye simu ya kupiga picha na apige picha.

Pili, waite watu wawili waaminifu wasio jamaa zako waone kama ulivyoona. Andika siku, saa, namba ya mzinga, na majina yao.

Tatu, waokoe nyuki. Kazi hii yafaa ifanywe jioni, ukiwa na nguo za kukinga miiba na bomba la moshi. Kama mzinga umeanguka na bado kuna nyuki, uwarudishe polepole. Wakijikusanya pamoja kama shada, pengine malkia yumo kati yao, usiwapangue. Ondoa masega yaliyoungua au kupondwa, na ufute asali iliyomwagika, kwa kuwa huwavuta siafu. Lakini sega lenye mayai na majana machanga liache ndani. Kama malkia amekufa, nyuki vibarua waweza kulea malkia mpya kutokana na jana changa lisilozidi siku 3 tangu kuanguliwa, naye hutoka katika kichumba chake siku ya 16 hivi tangu yai kutagwa. Sega hilo dogo ndilo tumaini la kundi lote. Funga mfuniko, rudisha mzinga katika tawi lake, wala usiufungue kwa muda wa mwezi mmoja. Tena usirine asali iliyobaki. Waachie wenyewe, maana hawana akiba nyingine.

Nne, toa habari. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisa mtendaji wa kijiji, kisha polisi, na umjulishe ofisa wa nyuki wa wilaya. Peleka daftari lako na mashahidi wako. Sema uliyoyaona, usiseme unayoyadhani. “Nimekuta alama yangu ya ndani katika mzinga ulioko katika mti wake” ni ushahidi. “Yeye ni mtu mbaya tangu zamani” si ushahidi.

Tano, omba fidia inayohesabika. Onyesha asali ya mzinga ule katika misimu iliyopita, bei ya soko, na kazi ya kutengeneza mzinga mpya. Mara nyingi wazee huweza kupatanisha watu kwa fidia kama hiyo, na maandishi yakawekwa.

Tena vijiji vinaweza kujiwekea ulinzi wa kudumu. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 imeweka nafasi ya kutengwa kwa hifadhi za nyuki, hata za vijiji. Kijiji chaweza pia kutunga sheria ndogo zake juu ya moto, ukataji wa miti yenye mizinga na uuzaji wa asali, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Kanuni iliyoandikwa humfunga tajiri na maskini sawasawa.

MAMBO AMBAYO HAYAFAI KABISA

Usitie sumu katika asali ili kumkomesha mwizi. Sumu haichagui. Asali hiyo itauzwa, na atakayeila ni mtoto wa mtu ambaye hakuiba kitu. Kufanya hivyo ni uuaji.

Usitege mitego ya chuma, mashimo wala nyaya chini ya miti. Atakayenaswa yaweza kuwa mtafuta kuni, mchungaji, au mwanao aliyekuja kukutafuta.

Usimpige mtu wala kumfunga. Sungusungu, ambao walianza miaka ya 1980 katika Usukuma na Unyamwezi, wamesaidia vijiji vingi kwa kufuata nyayo na kurudisha mali. Lakini kazi yao ni kumkamata mtu na kumfikisha mbele ya sheria akiwa hai na mzima. Mzinga mmoja hauna thamani ya roho ya mtu, na anayeua kwa ajili ya asali atafungwa yeye, mizinga yake yote ikabaki bila mwenyewe.

Wako pia wanaotegemea zindiko lililofungwa mtini. Mtu mwenye hofu pengine atapita mbali. Lakini mwizi asiye na hofu hupita karibu, na zindiko haliwezi kuitwa barazani kutoa ushahidi. Mwenye kutundika zindiko na atundike. Lakini asiache kuchoma alama wala kuandika daftari.

KUMBUKA HAYA

Kila mzinga uwe na alama mbili na namba moja. Kila safari ya porini iandikwe. Soma alama za mharibifu kabla ya kutaja jina la mtu. Waokoe nyuki kwanza, maana mwizi aweza kutafutwa kesho, lakini kundi likihama leo halirudi kwa kuitwa. Kataeni asali isiyo na mwenyewe sokoni. Wapeni vijana mizinga yao.

Mtu mmoja hawezi kulinda pori. Lakini wenye mizinga 10 wanaojuana alama, wanaopitiana mizinga na wanaouza katika chama kimoja, wamelifanya pori lao kuwa na macho mengi. Anza na ile mizinga uliyo nayo. Kabla ya mavuno yajayo, pasha chuma moto, chukua daftari na kalamu, uende kuihesabu.